Jina Lililoandikwa

"Papa, hii karatasi itakwenda wapi?"

Mama mmoja aliniuliza swali hilo jioni ya siku moja ya Septemba, mwaka 2016. Tulikuwa tumeketi jikoni mwake, katika nyumba ya kupanga iliyo kaskazini ya mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, nchini Marekani, kwenye vilima vinavyolimwa matufaha. Mama huyo alikuwa Mkongomani wa Fizi. Alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na baada ya kungoja miaka mingi alipelekwa Marekani. Yeye na mumewe walikuwa wamehama kutoka jimbo la Kentucky majuma matatu tu kabla ya siku hiyo, wakaja kufanya kazi ya msimu katika banda la kuchagulia na kupakia matufaha. Watoto wao wanne walisimama mlangoni wakinitazama. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi na fomu mezani, na kazi yangu ilikuwa kuwaandika watoto hao ili wapate msaada wa masomo.

"Nimeandikwa tangu nikiwa mtoto," akaendelea. "Niliandikwa kwa chakula, niliandikwa kwa blanketi, wakachukua na alama za vidole. Kila aliyeniandika alisema ni kwa faida yangu. Sasa wewe unaandika watoto wangu. Nani ataisoma?"

Ningeweza kumjibu upesi. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya kwa karibu miaka ishirini, na majibu ya maswali ya namna hiyo yamepigwa chapa katika miongozo ya ofisi. Lakini niliweka kalamu chini. Swali lake lilikuwa langu pia kwa muda mrefu. Kabla sijakueleza, msomaji, nilimjibu nini, sina budi kukurudisha nyuma kidogo, hata kufikia nyumbani kwetu.

Nilizaliwa mwaka 1959 katika kambi ya shamba moja la mkonge mkoani Tanga. Baba yangu hakuwa mtu wa Tanga. Alikuwa Muha wa Kigoma, na alifika pwani kwa treni pamoja na vijana wenzake walioandikishwa kazi na SILABU, idara ambayo wenye mashamba ya mkonge waliianzisha mwaka 1944 ili itafute vibarua katika mikoa ya mbali na kuwaleta mashambani. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hizo watu wa aina ya baba yangu wakaitwa manamba. Siku hizi neno hilo hutamkwa kwa kucheka, lakini waliolibeba hawakucheka. Kila siku kibarua alipomaliza kazi aliyopimiwa, alama ilitiwa katika kipande chake, na zilipotimia siku 30 ndipo alipolipwa. Mpaka uzeeni baba aliweza kuitaja namba yake bila kusita. Hakuweza kumkumbuka mnyapara hata mmoja aliyemwita kwa jina.

Baba alihama sana. Bei ya mkonge ilipoanguka alihama, alipogombana na mnyapara alihama, aliposikia kwamba shamba fulani lina maji ya karibu alihama, nasi tukamfuata. Nilipokuwa darasa la tatu tulihama katikati ya mwaka. Nilipofika shule mpya, mwalimu mkuu aliomba barua ya uhamisho. Hatukuwa nayo. Tulikuwa tumeondoka usiku, na hakuna aliyefikiri habari za barua. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alifungua daftari lake, akatafuta jina langu, hakuliona, akanipeleka darasa la kwanza.

Nilikaa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu wangu, nikasoma silabi pamoja na watoto wadogo. Kitabu chao nilikijua chote kwa moyo. Mwanzoni nilikuwa wa kwanza kuinua mkono, baadaye nikaacha, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimeanza kuamini kwamba huenda kweli mimi ni wa darasa la kwanza.

Hivyo katika nyumba yetu moja yalitokea madhara ya namna mbili. Baba aliandikwa na watu wasiomjali. Mimi sikuandikwa na mtu ambaye angenisaidia. Nilichukua muda mrefu kutambua kwamba ugonjwa ni mmoja.

Safari iliyonifikisha Marekani ni ndefu, na si habari ya makala hii. Yatosha kusema kwamba nilikwenda kusoma, nikaoa, nikabaki, nikafanya kazi ya kusaidia walimu katika shule ambayo watoto wengi walizungumza Kihispania, nami nikajifunza Kihispania kutoka kwao. Mwaka 1997 niliajiriwa kuwa mwandikishaji katika mpango wa elimu kwa watoto wa vibarua wanaohamahama. Nilipoelezwa kazi yenyewe nilidhani sikusikia vizuri. Je, nchi hii inamlipa mtu mshahara aende mashambani kumtafuta mtoto aliyehama bila barua?

Ndivyo ilivyokuwa. Mnamo Novemba 1960, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani, wakati Wamarekani walikuwa bado wanakula mabaki ya karamu yao, mtangazaji Edward R. Murrow aliwaonyesha katika televisheni ya CBS filamu iitwayo Harvest of Shame, kuhusu maisha ya watu wanaovuna chakula hicho. Mwaka 1965 ilipitishwa sheria kubwa ya elimu, na mwaka 1966 ikaongezwa sehemu iliyotenga fedha kwa ajili ya watoto wa vibarua hao. Sehemu hiyo ingali katika sheria, ijapokuwa imerekebishwa mara nyingi.

Mtoto anayestahili ni yule ambaye hajatimiza miaka 22 na hajamaliza shule ya sekondari, na ambaye katika miezi 36 iliyopita amehama kutoka wilaya moja ya shule hadi nyingine, peke yake au pamoja na wazazi wake, kwa sababu ya kazi ya muda au ya msimu katika kilimo au uvuvi. Kilimo hapa ni pamoja na hatua za kwanza za kuyashughulikia mazao, na ndiyo maana banda la matufaha nalo limo. Akishaandikwa anaweza kupata masomo ya ziada, shule ya kiangazi, na mtu wa kumsaidia kupeleka alama zake kutoka jimbo moja hadi jingine. Chakula cha mchana shuleni hupewa bure.

Lakini mtoto huyo haji ofisini, lazima umfuate. Nilijifunza kufika kambini baada ya saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamerudi, wameoga, na maharage yako motoni. Nilijifunza kuzungumza na wauza duka, wenye mashine za kufulia nguo, makasisi na madereva wa mabasi ya shule. Nilijifunza kutoanza na fomu. Unaanza na salamu, unauliza mvua ilikuwaje kule walikotoka, na kama matango ya mwaka huu yamezaa. Baadaye ndipo unauliza: mlihama lini, mlitoka wapi, mlikuja kwa kazi gani?

Jambo moja hatukuliuliza kamwe, nalo ni kama mtu ana kibali cha kuishi nchini. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Texas, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Fomu yetu haikuwa na nafasi ya habari hiyo, nasi tulijivunia kwamba hatuijui. Nilizoea kuwaambia wazazi: "Nisichokijua siwezi kukisema." Niliamini kwamba maneno hayo yanatosha. Nilidhani kwamba siri ya watu hawa ni moja tu, na kwa kuwa hatukuiuliza, hatukuwa na siri ya kutunza.

Julai ya mwaka 2001, msimu wa matango, niliandika familia ya mama mmoja na watoto watatu waliotoka Florida. Mtoto wa kwanza alikuwa mvulana wa miaka tisa. Jina lake sitalitaja, na utaelewa kwa nini. Alipenda hesabu kama watoto wengine wanavyopenda mpira. Nilimpatia nafasi katika shule ya kiangazi, na kila nilipopita kambini alinikimbilia na daftari lake ili nimtungie hesabu ngumu. Mama yake alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Alipoweka sahihi katika fomu aliuliza kama karatasi hiyo inabaki kwetu. Nikamwambia inabaki kwetu.

Ili uelewe lililofuata, sharti nikueleze jinsi kumbukumbu zilivyosafiri siku hizo. Tangu mwaka 1969 kulikuwa na mtambo mmoja wa kompyuta katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, uliohifadhi kumbukumbu za masomo na afya za watoto hawa kwa nchi nzima. Mtambo huo ulifungwa mwaka 1995, kabla sijaanza kazi. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo hapakuwa na njia moja ya nchi nzima ya kuzipitisha kumbukumbu. Ofisi za majimbo zilisaidiana kwa simu, faksi na bahasha. Niliwaona watoto waliochanjwa chanjo ile ile mara mbili na tatu kwa sababu kadi yao ilibaki nyuma, na vijana waliorudia somo walilokwisha faulu. Kwa hiyo simu ilipolia na mtu akasema anatoka shule fulani na ana kumbukumbu za mtoto wetu, tulimpokea kama mgeni aliyeleta zawadi.

Mtu mmoja alipiga simu namna hiyo. Alizungumza kwa adabu. Alisema anatoka shule ya Florida, ana kumbukumbu za yule mvulana, ila hajui azipeleke wapi. Alijua jina kamili la mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, hata jina la mwalimu wake wa mwaka uliotangulia. Nikampa anwani ya ofisi. Akauliza kama familia ingali katika kambi ile ya barabara kuu. Nikamwambia hapana, wako kambi ya upande wa ziwani, nyumba ya nne. Nilimwambia hivyo kwa moyo mweupe, nikamshukuru, nikaweka simu chini na kuandika katika daftari langu kwamba kumbukumbu zinakuja.

Baada ya siku mbili nilikwenda kambini. Nyumba ya nne ilikuwa wazi. Mezani palikuwa na sufuria ya maharage yaliyoanza kuchacha, na kitabu cha hesabu cha shule ya kiangazi. Mama wa nyumba ya pili alinieleza habari. Gari lilifika usiku, na mama yule aliitambua sauti ya mtu aliyeshuka kabla hajabisha hodi. Akatoka kwa mlango wa nyuma na watoto watatu, wakapita katikati ya matango gizani, na hawakuonekana tena. Ujira wa juma zima aliuacha. Mtu yule alikuwa mumewe. Kumbe mama huyo hakuwa anafuata msimu wa mavuno tu. Alikuwa anamkimbia.

"Alijuaje?" jirani aliniuliza. "Waliojua kwamba wako hapa ni sisi na ninyi watu wa shule."

Sikumjibu. Nilichukua kitabu cha hesabu, nikaingia garini, nikakaa bila kuwasha moto mpaka taa za kambi zikazimwa.

Nilimweleza mkubwa wangu ukweli wote siku iliyofuata. Hakunifukuza, alisema kwamba sikukusudia. Ofisi ikaweka utaratibu: habari ya mtoto haitolewi kwa simu iliyoingia, bali unachukua jina la shule, unatafuta namba yake mwenyewe, unapiga wewe. Utaratibu huo ulikuwa mzuri, lakini wahenga walikwisha sema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilichowaza zaidi si kosa la simu. Niliwaza jinsi nilivyokuwa nimejidanganya kuhusu siri. Nilikuwa nimeogopa maafisa wa uhamiaji tu, wala sikufikiri kwamba anwani peke yake, namba ya nyumba peke yake, yaweza kuwa siri ambayo maisha ya mtu yametegemezwa juu yake. Na yule asiyepaswa kuijua si lazima avae sare. Aweza kuwa baba wa mtoto, mwenye sauti ya adabu, anayejua mpaka jina la mwalimu.

Tangu hapo nilianza kuisoma vizuri sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi, ambayo hapo awali nilikuwa nimeitia sahihi tu kwamba nimeisoma. Inampa mzazi haki ya kuziona kumbukumbu za mtoto wake na kuomba zisahihishwe. Inaikataza shule, isipokuwa katika hali zilizotajwa, kuzitoa kwa mtu mwingine bila ridhaa ya mzazi ya maandishi. Shule ambayo mtoto anahamia yaweza kupelekewa, na hilo ni jema, kwani ndilo lililonikosesha mimi darasa la tatu. Lakini sheria hiyo ina mlango wa pembeni. Mambo kama jina, anwani na namba ya simu ya mwanafunzi yanaweza kuhesabiwa kuwa habari za kawaida, ambazo shule inaruhusiwa kuzitoa ikiwa imewatangazia wazazi na mzazi hakukataa. Tangazo lenyewe mara nyingi huja kwa Kiingereza, katikati ya karatasi nyingine za kufungua shule. Mzazi anayerudi shambani na giza huliweka juu ya kabati. Hakukataa kwa sababu hakujua kwamba ameulizwa.

Basi, kila nyumba niliyoingia baada ya mwaka 2001 niliuliza kuhusu karatasi hiyo, na aliyetaka kukataa nilimsaidia kuandika.

Mwaka 2007 ulianza mfumo mpya wa kompyuta wa nchi nzima, unaounganisha kumbukumbu za majimbo kuhusu watoto hawa. Mhusika wa Michigan mwenye idhini aweza kumtafuta mtoto aliyetoka Texas asubuhi hiyo hiyo, akajua yuko darasa gani, amefaulu masomo gani, na kama kumbukumbu zake za chanjo zipo. Kwangu mimi ilikuwa kama kuona barua ya uhamisho ambayo haipotei. Nami nilipewa idhini.

Majira ya baridi ya mwaka 2009 nilikuwa peke yangu ofisini, theluji ikianguka, kambi zote zimefungwa. Nikamkumbuka yule mvulana. Sasa angekuwa na miaka 17. Nikafungua mfumo, nikaandika jina lake la kwanza, jina la ukoo wa baba, jina la ukoo wa mama, na tarehe ya kuzaliwa, ambayo sikuwahi kuisahau. Kilichobaki ni kubonyeza mara moja. Ningejua kama yu hai, kama anasoma, kama bado anapenda hesabu. Ningejua yuko mji gani. Pengine ningeweza kulala vizuri.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe nilipolisikia swali la yule jirani: alijuaje? Nikajiuliza, mimi namtafuta kwa kazi gani? Idhini ile nilipewa kwa ajili ya kumwandikisha mtoto shuleni, kumweka katika darasa linalomfaa na kumhesabia masomo aliyofaulu. Mtoto huyu hakuwa ameletwa mbele yangu kwa lolote kati ya hayo. Nilimtaka kwa ajili ya moyo wangu. Hata yule mtu wa simu, kama angeulizwa, labda angesema anamtafuta kwa ajili ya moyo wake. Sisemi kwamba tulikuwa sawa. Nasema kwamba mama aliyepita katika matango usiku hakutuchagua, si yeye wala mimi, tujue aliko.

Nikafuta herufi moja moja, nikazima kompyuta, nikaenda nyumbani.

Sasa nirudi jikoni kwa yule mama wa Fizi, aliyeniuliza karatasi itakwenda wapi.

Nilimwambia hivi: "Mama, karatasi hii itakwenda katika ofisi ya mpango huu ya jimbo, na yaliyomo yataingia katika kompyuta inayotumiwa na majimbo yote. Watakaoisoma ni watu wa shule na wa mpango huu ambao kazi yao inahusu watoto wako. Itakuwa na majina, tarehe za kuzaliwa, mahali mlipotoka na mlipofika, na kazi iliyowaleta. Haina habari za kibali chenu, haina namba ya hifadhi ya jamii. Una haki ya kuisoma na kutaka isahihishwe. Una haki ya kukataa, nami nitakunywa chai yangu niondoke, na watoto wako watakwenda shule kama kawaida. Siwezi kukuapia kwamba hakuna mwingine atakayeiona kamwe, kwa sababu mahakama yaweza kuamuru. Ila naweza kukuapia kuhusu mimi."

Akanyamaza kidogo, akasema: "Wewe ni wa kwanza kuniambia kwamba naweza kukataa."

Kisha akaniomba nimsomee kila mstari kwa sauti. Nikasoma. Nilipofika kwa binti yake wa kwanza nikasoma tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika karatasi zao za ukimbizi: tarehe 1 Januari. Yeye na bintiye wakacheka. Mumewe naye tarehe 1 Januari. Wengi wa waliotoka kambini wana tarehe hiyo, kwa sababu mwandishi aliyechoka hakupata nyingine. "Huyu alizaliwa mahindi yakivunwa," mama alisema. Sikuwa na uwezo wa kuandika mahindi yakivunwa, lakini niliweza kuandika jina la msichana kwa herufi alizonitajia mwenyewe, si zile zilizokosewa katika karatasi ya kwanza na kunakiliwa katika zote zilizofuata. Akanitajia, nikaandika, akaniangalia kalamu mpaka mwisho. Ndipo mama akatia sahihi.

Binti huyo alikuwa amewekwa darasa la chini, kwa kuwa masomo aliyofaulu Kentucky yalikuwa hayajafika. Baada ya siku kumi hivi yalifika, akapandishwa darasa lake. Mwalimu wake aliponieleza nilifurahi kupita kiasi, hata akashangaa. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimemwona mtoto mwingine, mrefu kuliko wenzake, akiinuka kutoka dawati la nyuma mkoani Tanga.

Nilistaafu mwaka 2021. Tangu wakati huo kazi hii imekuwa ngumu zaidi. Januari 2025 serikali ya Marekani ilifuta mwongozo uliokuwa unawazuia maafisa wa uhamiaji, kwa kiasi kikubwa, kuwakamata watu shuleni na makanisani. Wenzangu walioko kazini huniambia kwamba milango iliyokuwa ikifunguliwa kwa hodi moja sasa haifunguliwi, na mama aliyekuwa akiwapikia chai husema kupitia dirishani kwamba hana watoto, huku viatu vidogo viko barazani. Siwalaumu wanaojificha. Baba yangu angewaelewa.

Wako wanaosema kwamba katika nyakati kama hizi heri kutoandika kabisa. Mimi sikubali, kwa kuwa namjua mtoto asiyeandikwa, nilikuwa mimi. Asiyekuwepo na lake halipo, na mtoto ambaye jina lake halimo katika daftari la mwalimu hulipia kila safari ya wazazi wake kwa mwaka mzima wa maisha yake. Lakini anayeshika kalamu na aandike yale tu yanayohitajika kumfundisha mtoto, amweleze mzazi karatasi inakokwenda, na akishaandika asahau njia ya kufika nyumba ile, mpaka kazi imrudishe tena.

Kitabu kile cha hesabu ninacho hadi leo. Ukurasa wa mwisho aliokuwa anafanya una hesabu sita, na tano amezipata. Mwenye kitabu, kama yuko hai, ni mtu mzima wa miaka 33 au 34. Sijui anaishi wapi, wala kama alimaliza shule. Ningependa sana kujua, na sitatafuta.